Ng'ombe wa Kulimia na Sheria ya Pombe

Shemeji yangu alimvunja mdogo wangu taya kwa mguu wa kigoda, mchana kweupe, mbele ya jirani aliyekuwa anapepeta uwele. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilipigania sheria ile kwa ajili ya maendeleo, au kwa maneno mengine yale ya semina. Nilikuwa napigania taya.

Enzi za ruksa zilikuwa zimeshakolea. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yakifukuzana katika barabara ya Kiomboi, mitumba ilimwagwa chini kila siku ya mnada, na bia, ambayo zamani ulipewa kwa kujuana, sasa ilipangwa makreti kwa makreti mpaka dirishani. Sisemi ruksa ilikuwa mbaya. Hata mimi siku nilipoapishwa kuwa diwani wa viti maalumu nilivaa sketi ya mitumba, tena ilinikaa vizuri. Lakini kijijini kwetu mtu aliyekosa pesa ya bia alikunywa gongo, na gongo ilipikwa bondeni katika mapipa yaliyowahi kubeba lami. Serikali ilikuwa imeikataza siku nyingi. Ila polisi walikuwa mbali, na walipokuja walikuja na kiu.

Shemeji akiwa mzima alikuwa mtu wa haya. Akikutana nami njiani alikuwa akishuka kwenye baiskeli na kuniamkia macho yakiwa chini. "Shikamoo shemeji." Ungemwonea huruma. Akitoka bondeni alikuwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyeng'oa mguu wa kigoda.

Tulimpeleka mdogo wangu hospitali Singida Mjini, amefungwa kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini. Daktari alimfunga taya kwa waya. Kwa majuma alikunywa uji kwa mrija na kuongea kwa kupitia menoni, na aliyoyasema yalikuwa ya kumtetea mumewe. Siyo yeye, ni pombe. Mimi nilikubaliana naye kabisa. Wote tulikubaliana, wazee, mapadri, mashehe, na waheshimiwa madiwani. Tatizo lilikuwa pombe, basi pombe ikamatwe.

Nilipeleka hoja kwenye halmashauri. Nilitaka sheria ndogo itakayowapa mgambo wa kata uwezo wa kuingia mahali popote panapouzwa pombe nje ya vilabu vya leseni, kuikamata na kuimwaga papo hapo. Pombe ya kualikana kulima na pombe ya harusi tuliiacha, kwa sababu haiuzwi. Mambo ni mafupi hivyo. Mtu angeweza kuyaandika akiwa anasubiri wali uive.

Kamati ilipewa kazi ya kuandaa rasimu, na mwenyekiti wake alikuwa mzee mmoja mwenye baa ya viti vya plastiki pale stendi. Alinisikiliza kwa heshima zote, akavua miwani, akaifuta.

"Mheshimiwa, haraka haraka haina baraka," alisema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mheshimiwa mwenyekiti," nikamjibu. "Kwetu huumiza mpaka mataya."

Wakacheka. Nilikichukia kicheko kile, na mpaka leo nikikikumbuka mikono inaniwasha.

Kwanza rasimu ilimsubiri mwanasheria, maana halmashauri haikuwa na wa kwake. Tukaazimwa mmoja kutoka mkoani, akaja, akapewa chai na maandazi, akaanza kazi, akahamishwa. Aliyemfuata alitaka kuanza upya. Kisha mweka hazina akasimama kutukumbusha kwamba mishahara ya walinzi na matarishi wetu inatokana na ushuru wa vilabu vya pombe, na tukiwatisha wauzaji tutakuwa tunakata tawi tulilolikalia. Kikao kizima kikaitikia kwa kichwa. Nilimuuliza kama ana mdogo wa kike. Akasema hilo halihusiani na mapato.

Halafu likaja suala la ghala. Mtu mmoja aliuliza pombe ikishakamatwa itakaa wapi kabla ya kumwagwa. Nikasema haikai, inamwagwa. Wakasema hapana, lazima iwe kielelezo. Basi iwekwe katika ghala la zamani la chama cha ushirika, lililokuwa tupu tangu ushirika ulipokufa. Na nani ataulinda mlango? Diwani wa kata ya wafugaji akasema mlinzi asitoke upande wa wakulima, kwani wakulima hawaachi tone. Diwani wa wakulima akamwambia yeye mwenyewe amekuja kikaoni ananuka wanzuki. Neno lile lilimaliza ustaarabu. Mfugaji alikuwa na fimbo yake, maana hawaiachi hata mbele ya mkuu wa wilaya, akampiga mwenzake shingoni. Meza ikapinduka. Jagi la maji likapasuka ukutani karibu na sikio langu. Watu wazima waliovaa suti wakawa wanagaragara sakafuni wakitafutana koo, na mmoja akainuka damu ikimtiririka, nusu ya sikio lake ikiwa mdomoni mwa mwenzake. Tulikuwa tunajadili namna ya kupunguza vurugu za ulevi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelewa wakati huo. Kikao kikaahirishwa kwa sababu akidi ilikuwa imekwenda kushonwa zahanati.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Ikawa hivyo kikao baada ya kikao. Mdogo wangu alikuwa amerudi kwa mumewe, taya limeunga upande, na akawa mjamzito. Kila niliporudi alikuwa akija kuniuliza, "Imepita, dada?" Nilikuwa namwambia bado kidogo. Nilijua anauliza kwa sababu gani, na tumbo lilikuwa linakua.

Alijifungua mtoto wa kiume. Sasa kwetu Unyaturu mzazi ambaye bado yuko ndani haguswi. Hagombezwi, hatumwi maji, haitwi kwa sauti ya juu. Mwanamume akimgusa mzazi wa ndani hajamkosea mke wake peke yake, amewakosea wanawake wote wa eneo lile, na wanawake hao wana haki ya kutoka kwa pamoja na michi yao, kwenda kwake na kumtoza ng'ombe. Ng'ombe huyo anachinjwa papo hapo na kuliwa na wanawake peke yao. Hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuingilia. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, na hakuna waziri aliyetia sahihi. Nilikuwa nimeyaona mara moja tu nikiwa msichana, na nilidhani yamekufa pamoja na mengine.

Shemeji alitoka bondeni asubuhi, gongo imemjaa mpaka machoni. Alitaka uji uliokuwa jikoni. Akaambiwa na msichana wa jirani kwamba ule ni uji wa mzazi. Aliingia ndani, akamshika mdogo wangu nywele, akamburuta mpaka nje uwanjani penye mavi ya ng'ombe, akampiga mateke ya mgongo, damu ya uzazi ikimtoka. Mtoto alianguka kutoka kifuani mwake juu ya ngozi ya kulalia. Hakuumia, Mungu alimshika. Msichana wa jirani alikimbia huku akipiga yowe ambalo sijalisikia tena, na kila kinu kijijini kikanyamaza.

Nilikuwa najiandaa kwenda kikaoni siku hiyo. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Shangazi yetu, mama mwembamba aliyezika waume wawili, alipita mbele ya nyumba yangu akiwa amebeba mchi begani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Wewe mheshimiwa," aliniambia, "unakwenda mjini au unakuja na sisi?"

Nilivua viatu.

Siku ile tuliitana nyumba kwa nyumba, na kesho yake kabla jua halijapanda tulikuwa njiani, wanawake wa kijiji kizima, Waislamu kwa Wakristo, wengine wana watoto mgongoni. Tuliimba zile nyimbo ambazo haziimbwi siku nyingine, zenye matusi ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka mbele ya mkwewe, na siku ile mkwe na mama waliyaimba pamoja. Kila nyumba tuliyopita wanaume walifunga milango kwa ndani. Mume wangu mwenyewe nilimwona akichungulia kwenye ufa wa dirisha kama kuku aliyemwona mwewe.

Mila ilitutuma kwa shemeji tu, lakini njia ilipitia bondeni, na tulipofika bondeni hakuna aliyegeuka. Tuliyapiga yale mapipa kwa michi mpaka yakapinda. Mitungi ilipasuka mmoja baada ya mwingine, na gongo ikashuka mtoni ikinuka mpaka macho yanatoa machozi. Mwenye mtambo alitoka na panga, akamkata mama mmoja mkononi, ukafunguka ukaonyesha mfupa. Hakupata nafasi ya kukata mara ya pili. Nilimsikia, mzee mzima mwenye mvi, akilia akiita mama yake. Sikumhurumia na sijamhurumia bado. Kazi ambayo halmashauri ilishindwa kuiandika, tuliimaliza kabla umande haujakauka.

Shemeji alikuwa mlangoni kwake. Usingizi ulikuwa umempunguzia pombe, akawa anatetemeka, lakini alishika sime. Shangazi alitangulia mbele yake, akalegeza kanga yake ya kiunoni kidogo, akamwambia afanye aone atakachokiona. Mwanamume anayeoneshwa uchi wa mama mtu mzima kwa hasira amekwisha, hana kizazi wala baraka. Sime ikamdondoka. Ndipo tukaanza. Mila inasema kichwa hakiguswi na mtu hauawi. Sikugusa kichwa. Sehemu nyingine sikubakiza. Kila nilipoushusha mchi nilikuwa naona miwani ya yule mwenyekiti ikifutwa, naona mweka hazina, naona mwanasheria anakula maandazi. Shemeji wa watu alipigwa siku ile kwa makosa yake na kwa makosa ya waheshimiwa wote. Shangazi ndiye aliyenishika mkono na kusema inatosha.

Ikabaki ng'ombe. Aliyekosewa ndiye anayemwonyesha wa kuchinjwa. Tukamtoa mdogo wangu, tumemfunika kanga mbili, akasimama mbele ya zizi. Ndani walikuwa wawili tu. Wengine wote mumewe alikuwa amewauza mnadani, na pesa zao zikaishia bondeni. Hawa wawili walikuwa jozi ya kulimia, wamefundishwa pamoja tangu wakiwa ndama, mmoja mwekundu na mmoja wa madoa. Yeyote anayelima kwa plau anajua kwamba ukimtoa mmoja, aliyebaki hakufundishwa kazi nyingine yoyote.

Shangazi alilisema. "Mkimla mmoja, mmekula na shamba."

Wanawake wakanitazama mimi. Ndiye diwani, ndiye msomi, na damu ilikuwa bado inanichemka. Nikasema mila ni mila, asipotozwa leo kesho ataua mtu. Nilisema kweli, na hata leo ningesema vilevile. Mdogo wangu akanyoosha mkono kwa yule mwekundu. Tulimwangusha pale pale, tukamchinja, tukala nyama yake na ini lake mpaka jioni, tukiimba. Yule wa madoa alilia zizini mpaka tulipoondoka.

Shemeji alipopona mbavu aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na hakurudi tena. Tukashangilia. Nilijiona nimemaliza.

Mvua zikaja. Mdogo wangu alikuwa na shamba, plau, ng'ombe mmoja na watoto watatu, wawili wa shule na yule mchanga. Nilikwenda kwa mume wangu kumwomba jozi yetu kwa siku mbili. Alikuwa anakaza kamba ya nira, wala hakuinua uso.

"Waliokula ng'ombe wakalime," alisema.

Nilidhani ni yeye peke yake. Kumbe wanaume wa kijiji walikuwa wameshapatana, bila kikao, bila rasimu. Hakuna boma lililotoa jozi kwa ajili ya nyumba ile. Tulipokuwa na michi walifunga milango, sasa walifunga mazizi. Nikamtukana mume wangu matusi yote ya ule wimbo, akanipiga kofi, nami nikampasua paji la uso kwa kata ya maji. Tulilala hivyo. Asubuhi yeye alikwenda kulima na mimi nikachukua jembe la mkono nikaenda kwa mdogo wangu. Tulilima sisi wawili mpaka viganja vikachubuka, na tulichopanda kililingana na uwanja wa nyumba. Kilichovunwa kiliisha mapema.

Basi akaanza kupika pombe. Siyo gongo, ile ya kawaida ya uwele, ambayo mama yetu alitufundisha wote. Alikuwa anaiuza nyumbani kwake, kwenye kivuli cha ghala la nafaka, kwa wazee waliotoka kuchunga. Alikuwa na mkono mzuri, na watu walimpenda. Watoto wakarudi shule. Mwaka ule nilimwona akicheka, taya lake limekwenda upande, na nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kuapishwa.

Na halmashauri? Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na waheshimiwa wakashtuka kwamba hawana cha kuwaonyesha wananchi. Mambo yote yaliyolala yakaamshwa kwa siku moja. Rasimu yangu ikaletwa, imesafishwa, ile ibara ya ghala imefutwa. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu wote, akasema mama huyu hakuchoka. Nikanyoosha mkono juu pamoja na wenzangu. Ikaenda kwa waziri, na safari hii haikukaa, ikarudi imetiwa sahihi. Waliponipigia makofi niliinuka nikainamisha kichwa. Kuhusu pombe ya mdogo wangu sikuwaza kabisa. Sheria ile akilini mwangu ilikuwa na sura ya mapipa ya bondeni, na ya mtu anayetoka bondeni.

Mgambo walipewa viatu vipya na virungu. Siku yao ya kwanza ya kazi hawakwenda bondeni, ambako yule mwenye panga alikuwa ameshajenga mtambo mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na mbwa wawili. Hawakwenda kwenye baa ya stendi, kwani ile ina leseni. Walianza na nyumba isiyo na mwanamume.

Niliitwa nikiwa kisimani. Nilikimbia, na nilipofika uwanja ulikuwa umelowa, unanuka kimea, kuku wanadonoa machicha. Mitungi mitatu ilikuwa imeshapasuliwa. Mdogo wangu alikuwa amekumbatia wa nne, ule mkubwa, kwa mikono miwili. Mgambo mmoja, kijana wa kijiji cha pili ambaye mama yake alikuwa na sisi siku ya michi, alikuwa anamwambia auachie. Alimwambia mara kadhaa, kwa upole kabisa, kama mtu anayefuata maelekezo. Kisha akainua kirungu, akampiga nacho usoni.

Nilisikia mfupa. Ni sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, kwa sababu mara ya kwanza sikuwepo.

"Mimi ni diwani!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye diwani!"

Yule kijana aligeuka, akabana miguu pamoja. "Shikamoo mama mheshimiwa. Tunatekeleza ile sheria yako."

Nilimrukia. Wenzake wawili walinikamata kwa nyuma, wakanilaza chini kwenye ile pombe iliyomwagika, goti la mmoja likiwa mgongoni mwangu, huku wakiniomba radhi. Niling'ata mkono mmoja mpaka nikaonja damu. Waliniachia walipomaliza mtungi wa nne, wakajipanga, wakaondoka kwa hatua wakipanda mlima.

Nilimtambalia mdogo wangu. Alikuwa amekaa chini, ameshika kidevu kwa kiganja kisimwanguke, damu inapita katikati ya vidole. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Nilitaka kumwambia nitawashitaki, nitawafukuza, nitaifuta sheria hiyo kikao kijacho, na ninadhani nilianza kusema hivyo.

Alitikisa mkono wake mwingine nisiendelee. Akayasema maneno yake polepole, moja moja, kwa kupitia menoni.

"Dada," alisema, "hawa hawajalewa."

Nikamfunga kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini, tukaenda barabarani kusubiri basi la mjini.